Kondoo Dume Aliyepelekwa Chuo Kikuu

Niliondoka nyumbani Kitengela kwa sababu Yeyo alikuja mlangoni kwetu bila maziwa.

Kwenye nyumba zetu za kupanga kila mtu humwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaa. Tangu wazazi wangu wahamie huku kutoka Bungoma wakifuata kazi, yeye ndiye ametuletea maziwa kutoka kwake, nyuma ya Isinya. Asubuhi hiyo alisimama kizingitini na fimbo yake, shuka limefungwa begani, bila kibuyu wala mtungi.

“Nafula, takwenya,” akanisalimu kwa Kimaa.

“Iko, Yeyo. Maziwa yako wapi leo?”

“Maziwa italetwa na mtu mwingine. Mimi nimekuja kuchukua wewe. Si wewe ulisoma huko kwa chuo kikubwa?”

“Nilisoma huko.”

“Basi unajua mlango yao. Nipeleke kwa Paker wangu.”

Ilibidi anieleze. Kwa Wamaasai, mtu akikupa kondoo mnaacha kuitana majina. Yeye anakuita Paker, nawe unamwita Paker, hadi mmoja wenu afe. Kondoo aliyetolewa hadaiwi. Lakini siku mtoaji akipungukiwa, anakuja kwako kuomba mwana-kondoo wa uzao ule ule, nawe huna mdomo wa kumnyima. Kumnyima ni kukata undugu. Paker wa Yeyo alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu.

Isinya, siku iliyotangulia safari yenyewe, nilikwenda kuona kilichomtoa nyumbani. Nyanda zilikuwa zimegeuka kijani baada ya kiangazi kirefu, kijani kile kinachokuja kama habari njema kwa mtu ambaye tayari amezika. Mvua iliporudi, minyoo nayo ilirudi. Majirani karibu wote walikuwa wameshachanganya kondoo wao na dopa, wale weupe wenye kichwa cheusi, wanaonenepa upesi na kufa upesi vilevile. Niliona mizoga kando ya ua la mtu mmoja, imetupwa kama nguo zilizochakaa. Katika boma la Yeyo walisimama majike watatu wekundu, mkia mnene, macho makavu, wakitafuna kana kwamba hakuna habari.

“Hii ndiyo kondoo ya mama ya bwana yangu,” Yeyo alisema. “Alinipa siku nilikuja hapa bibi arusi. Minyoo haiwezi hii.”

“Na dume?”

“Dume ndiyo nilipatia Paker.”

Miaka michache nyuma, Daktari Muthoka wa kitivo cha mifugo alifika hapo na wageni kutoka ng’ambo, wenye kofia pana na chupa za maji. Walitaka dume mmoja mwekundu, wajue kwa nini minyoo inamshindwa. Yeyo alikuwa na madume wawili: mmoja mwenye mguu mbovu, na Lonyokie, mwekundu kama udongo wa kichuguu. Angeweza kuwapa yule kilema, hawangejua. Lakini kumpa Paker kondoo kilema ni kumtukana yeye na watoto wake. Akawapa Lonyokie. Kilema ndiye aliyebaki, na kiangazi kikaondoka naye. Sasa Yeyo alikuwa amezunguka hadi karibu na Namanga akiulizia dume mwekundu ambaye hajachanganywa, na hakupata. Majike wale walikuwa wamezeeka. Wasipopandwa msimu huu na dume wa damu yao, ukoo ule uliotoka kwa mama mkwe wake ungeishia kwenye boma lile.

Jirani yake, Mzee Njoroge, ambaye ana shamba la nyasi lililozungushiwa waya, ndiye aliyejitolea kutupeleka kwa pikapu yake. Yeye hufuga dopa, na hujivuna nao kama mtu mwenye watoto ng’ambo.

“Yeyo, mbona unihangaishe hadi mjini kutafuta mume?” alimtania. “Dume langu liko hapa, limeoga, linangoja tu jibu.”

“Dume yako ikikohoa inalala wiki,” Yeyo akamjibu. “Endesha gari.”

Saa moja asubuhi tulipita Kitengela, malori ya saruji yakitufukizia vumbi, na kufikia Athi River Yeyo alikuwa amelala ameketi wima. Aliamka jiji lilipoanza. Mimi nilikuwa nikimweleza Mzee Njoroge habari za chuo kile, na nikajisikia nikiongea kwa fahari: kwamba ni chuo cha umma, kimejengwa kwa kodi ya watu kama yeye, kwamba wanafunzi wake ni wengi kuliko wakazi wa mji wetu, kwamba hapo hutoka madaktari na mahakimu na wahandisi, na kwamba utafiti wake husomwa dunia nzima.

“Na hiyo dunia nzima,” Mzee Njoroge akauliza, “Isinya imo ndani?”

Nilicheka. Jioni sikucheka.

Langoni, kijana wa ulinzi alichukua vitambulisho vyetu, kisha akaitazama fimbo ya Yeyo.

“Shosho,” akamwita, yaani bibi, “hii wacha hapa. Ni silaha.”

“Silaha ya kupiga nani? Hii ni mguu yangu.”

“Ni sheria.”

“Basi na wewe vua kiatu, wacha hapo, tuone kama utatembea.”

Wanafunzi waliokuwa kwenye foleni walicheka hadi kijana mwenyewe akacheka, na fimbo ikapita. Mzee Njoroge alibaki na gari. Fimbo ile kupita ndiyo ilikuwa haki pekee tuliyopewa siku ile, na tuliipata kwa mzaha.

Kutoka langoni hadi kitivo cha mifugo ni mwendo wa kukatisha mji mzima. Nilimpitisha Yeyo kila mahali, kwa sababu njia ni hiyo na kwa sababu nilitaka aone. Tulipita maktaba, ghorofa juu ya ghorofa, ambako mimi nilijifunza kuandika huku nimejificha kati ya rafu zisizo na wasomaji. Tulipita ukumbi wa mihadhara ambamo watu walikuwa wamejaa hadi madirishani, wengine wameketi nje kwenye majani, wakinukuu sauti ya mwalimu wasiyemwona. Tulipita mabweni yaliyotundikwa nguo kila dirisha kama meli iliyojipamba kwa vitambaa, na mnara mpya wa vioo ambao lifti yake ilikuwa na kamba imefungwa mlangoni. Kando ya kila mlango wa maabara palikuwa na bamba linalong’aa la kumshukuru mfadhili fulani wa mbali. Sikuona bamba hata moja la kushukuru mahali vitu vilikotolewa.

Kwenye idara ya mimea milango ilikuwa wazi. Ndani, matawi makavu yalibandikwa kwenye karatasi nene, moja baada ya lingine, na Yeyo akayasogelea. Aliyatambua kwa umbo la jani tu. Hili la kuoshea vibuyu. Hili la supu ya wazee. Hili la mtoto mwenye homa. Nilimuuliza yule dada aliyekuwa akiyapanga yametoka wapi. “Mengi ni ya Kajiado,” akasema, bila kuinua kichwa. Chumba kilichofuata kilikuwa na udongo wa Magadi kwenye chupa. Kile cha pili yake kilikuwa na maji ya visima vyetu. Hapo ndipo kitu kilianza kunichoma kifuani. Kila kitu chetu kilikuwa kimeshafika chuoni, kimepewa chumba, kimepewa jina la Kilatini. Sisi wenyewe tulikuwa tumekawizwa langoni kwa ajili ya fimbo.

Kabla ya adhuhuri tulifika kwenye mabanda ya kitivo cha mifugo. Daktari Muthoka alikuwa darasani, tukaambiwa tungoje. Mwanafunzi mmoja, Brenda, aliyevaa gambuti nyeupe na koti la kijani, alituona tumesimama juani akatuhurumia.

“Shosho, kuja nikuonyeshe wanyama. Hapa hakuna mtu hukaa bure.”

Akatupeleka banda la mwisho. “Na huyu ndiye mnyama wetu maarufu,” akasema kwa furaha ya kweli. “Tunamwita Profesa. Amefundisha madarasa mengi kuliko mwalimu yeyote hapa, na hajawahi kugoma.”

Kondoo mwekundu alikuwa amesimama kwenye sakafu ya saruji. Alikuwa mnene, safi kupita kiasi, manyoya yamekatwa. Ubavuni mwake kulikuwa na tundu la duara, limezibwa kwa kizibo cha raba, kikubwa kiasi cha kuingiza mkono.

“Ni dirisha,” Brenda akaeleza. “Tunafungua, tunaingiza mkono tumboni, tunaona vile chakula kinasagwa. Usiogope, haimuumi. Ukitaka nikufungulie…”

“Wacha,” nikasema.

Yeyo alikuwa ameshaingia bandani. Aliinamia sikio la yule mnyama, akasogeza kibandiko cha njano cha namba, akapata chini yake alama ya familia yake, mkato mdogo wa pembeni kama mdomo wa ndege. Akamwita kwa jina. Sijui kama kondoo hukumbuka. Huyu aliacha kutafuna. Yeyo akampapasa shingo, mgongo, akakwepa lile dirisha, akafika nyuma, akatia mkono kati ya miguu. Mkono ukakaa pale muda mrefu.

“Mmemkata,” akasema.

Brenda alitabasamu, bado hajaelewa. “Lazima, shosho. Wasipohasiwa wanasumbua, wanapigana. Wa kufundishia wote hukatwa.”

“Lini?”

“Mimi nilimpata hivi. Kwani mnamjua?”

Nilimwona akitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akiitazama ile alama ya sikioni, na tabasamu likamwishia usoni polepole. “Pole, shosho,” akasema kwa sauti nyingine kabisa. “Wallahi hatukuambiwa ni wa mtu.”

Saa sita na ushei Daktari Muthoka alikuja, amekunja mikono ya shati, chaki vidoleni. Alimtambua Yeyo mara moja na kunyoosha mikono yote miwili. Nataka kumtendea haki: alifurahi kumwona.

“Mama! Karibu sana! Karibu chai!”

“Paker,” Yeyo akasema.

“Asante, asante.”

“Nimekuja kuomba mtoto ya Lonyokie. Kiangazi imemaliza mimi. Nipatie mtoto moja, dume.”

Uso wa Daktari ulishuka. Alitusogeza kwenye kivuli cha ukuta, akaniuliza mimi ni nani, nikamtajia jina na kwamba nilisoma hapo, kisha akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuongea na mimi na kumwacha Yeyo. Utafiti ulikwenda vizuri. Wafadhili walifurahi. Wana wa Lonyokie walizaliwa, wakapimwa, na utafiti ulipoisha wakauzwa kwa nyama, kwa sababu hakukuwa tena na fungu la chakula chao. Lonyokie alihamishiwa idara ya lishe.

“Na wale wa lishe, wao walihitaji kondoo dume wa kienyeji, mwenye afya. Hawakuuliza zaidi ya hapo.”

“Mbegu yake?” nikauliza. “Hamkuhifadhi mbegu?”

“Tulihifadhi. Kwenye tangi la baridi.” Akasugua chaki vidoleni. “Gesi ya kulijaza haikununuliwa. Likakauka.”

“Daktari, mligundua nini?”

Hapo aliinua kichwa, na nikaona mwanga wa mtu anayependa kazi yake. “Ilikuwa ajabu, Nafula. Damu yake ilikuwa na ukinzani mkubwa kuliko tuliotarajia. Imechapishwa ng’ambo. Tulipendekeza kwa nguvu kabisa kwamba ukoo huu uhifadhiwe.”

“Uhifadhiwe na nani?”

Mimi niliendelea, sauti yangu ikipanda hadi wanafunzi wakageuka. Nilimwambia wamemjua yule kondoo hadi ndani ya utumbo na hawakumjua ni wa nani. Nilimwambia mwanamke huyu alikuwa na madume wawili akawapa bora, kwa heshima, na heshima yake ndiyo iliyomfilisi. Angekuwa mjanja, angekuwa mchoyo, leo boma lake lingekuwa na dume. Nilimwambia kwamba wangeweza kumpigia simu mtu mmoja, siku ile walipokuwa wakiuza wale wana-kondoo, na angekuja kwa miguu.

“Wewe ulisoma hapa,” akaniambia, bila hasira. “Unajua jinsi kunavyokuwa. Mradi ukiisha, umeisha. Hata gari la kuja kwenu lilikuwa la mradi.”

“Kwa hiyo undugu nao ulikuwa wa mradi?”

Alimgeukia Yeyo, nadhani kunikwepa. “Mama, mchango wako tunauthamini. Naweza kuongea na mkuu wa shamba. Tuna madume wazuri wa dopa. Tukupe mmoja, leo leo, uondoke naye.”

Yeyo alikita fimbo chini. Mimi nilitegemea laana.

“Mimi sikuchanga,” akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. “Kuchanga ni ya harusi na matanga. Mimi nilikupatia kondoo. Ukitoka hapa uende kwa nyumba yangu, utakula, hata nisipokuwa. Wewe ukikufa, mimi nitakuja kulia. Hiyo ndiyo nilikupatia. Ulifikiria ni nyama?”

Daktari Muthoka alisema neno ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu wa cheo chake: “Sikujua.” Nilimwamini, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Alikuwa amekaa katika boma lile, amekunywa chai ya Yeyo, ameulizia kila kitu kuhusu kondoo, wanakula nini, wanakunywa wapi, wanaugua lini. Hakuuliza swali moja juu ya aliyewafuga.

Nilitaka tuondoke na Lonyokie. Brenda ndiye aliyetuambia ukweli, kwa upole, kwamba huko nje vumbi na nzi wangeingia kwenye lile tundu na angekufa vibaya. Yeyo akarudi bandani peke yake. Sikumfuata. Alipotoka, macho yake yalikuwa makavu, na alimpa Brenda mkono, na Daktari akamwinamishia kichwa tu, kama mtu anavyomuaga mgeni njiani.

Alasiri tulipovuka jiji kurudi, Mzee Njoroge aliuliza kilichotokea. Nilimsimulia. Tayari alikuwa na mzaha mdomoni, niliuona ukija, kisha akaumeza. Tulipofika Athi River ndipo akasema, “Mimi nilijua tu watakuwa wamemla. Hii ni mbaya kuliko kumla.”

Tulipofika Kitengela Mzee Njoroge aliniuliza kama nitashuka. Nilikataa. Sikuweza kumwacha Yeyo arudi peke yake kwenye boma lile, na nusu yangu ilikuwa ikiona aibu kwamba chuo kile bado ni changu, kwamba hata sasa nikiulizwa nilisomea wapi nitakitaja na mtu ataitikia kwa heshima.

Isinya, asubuhi iliyofuata, majike walikuwa wamepata joto, wanataka dume. Yeyo alikuwa amewaona kabla ya jua, kwa jinsi walivyotikisa mikia na kuzungukazunguka. Nilisema maneno ya mtu aliyesoma: kwamba tungoje, kwamba nitaandika barua kwa mkuu wa chuo, kwamba nitaandika magazetini, kwamba labda huko Loitokitok au ng’ambo ya mpaka kuna dume mwekundu.

“Andika,” akasema. “Wewe andika. Lakini hawa ni wazee, Nafula. Msimu mwingine hawataona. Mimi niache zikufe tasa ndiyo nionyeshe chuo nimekasirika?”

Akamtuma mtu kwa Mzee Njoroge.

Mzee alikuja mwenyewe, amemvuta dume wake kwa kamba, mweupe, kichwa cheusi, shingo nene. Alisimama mbali kidogo na boma, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja matangani. Hakusema neno la utani. Nami nilisimama nikifikiria yale majengo yote, rafu zote, mabamba yote yanayong’aa, na nikaelewa nilichokwenda kujifunza: kwamba ujuzi unaweza kuchukua kitu cha mwisho mkononi mwa mtu, ukakiandika vizuri, ukakisifu mbele ya dunia, na usigundue kwamba ulikuwa umekishika. Sitaki tena kuambiwa kwamba chuo kile ni cha umma. Yeyo ni umma. Kipi ndani ya chuo kile ni chake?

Yeyo alivuta tawi la miiba lililoziba mlango wa boma, akaliweka kando. Mifugo yake yote huongea nayo Kimaa, tangu inapozaliwa. Dume wa Mzee Njoroge alisita pale mlangoni, akinusa.

“Ingia basi,” Yeyo akamwambia, kwa Kiswahili, kama anavyoongea na mgeni. “Ingia. Wewe huna makosa.”